Mwana wa Nonie na Magofu ya Cloonarra

Malachy Tarpey alipiga picha za mawe kwa miaka thelathini, na ndani ya picha zote hizo hamna mtu hata mmoja. Nasema hivyo kwa sababu nimeziona. Mwaka ule alipougua kifua nilimpelekea supu, nikamkuta amesinzia kwenye kiti kando ya jiko, na mezani maboksi saba ya viatu yamejaa picha: madirisha ya monasteri, milango ya monasteri, minara iliyokatika vichwa, makaburi ya maabati, wakuu wa watawa, ambao hakuna anayewakumbuka. Nilizipekua zote huku supu ikipoa. Nilikuwa natafuta uso, wowote ule, hata wa mtalii aliyepita kwa bahati mbaya. Sikuupata. Alikuwa akingoja watu waondoke ndipo abonyeze.

Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake. Jumapili baada ya Misa, wanaume wengine wakielekea baa au uwanjani, yeye aliingia kwenye kigari chake chekundu na chupa ya chai, mkate wa soda na mayai mawili ya kuchemsha, akapotelea kwenye magofu. Na huku kwetu magharibi ya Ireland magofu hayana uhaba. Watawa walijenga, askari wa Kiingereza wakachoma, mvua ikamalizia iliyobaki, na sisi tukaendelea kuzikana humo humo ndani, maana ardhi iliyobarikiwa haiachi kuwa na baraka eti kwa kuwa paa limeanguka.

Cloonarra ndiyo monasteri yetu. Nyumba yangu inatazamana na geti lake na ufunguo unakaa kwangu, kama ulivyokaa kwa mama mkwe wangu kabla yangu. Malachy alikuja kuuomba mara mbili kwa mwaka: Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na Julai, wiki moja kabla ya Jumapili ya Makaburi, akate majani. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, akasema maneno mawili juu ya mvua, akapokea ufunguo akaenda zake. Hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Nikimwambia chai iko tayari, anasema ametoka kunywa sasa hivi. Mwongo mkubwa yule.

Sasa niseme lililo baya, nilimalize. Kaburi alilokuwa akilikatia majani halikuwa la mama yake. Mimi nililijua hilo, na parokia nzima ililijua.

Mama yake, Nonie, alikufa Machi ya mwaka sitini na nne. Kwao, kabla ya kuolewa, alikuwa Geraghty, na alipokuwa kitandani alisema wazi kwamba atalala na wazazi wake Cloonarra, si na wakina Tarpey kwenye makaburi mapya ya mjini. Wanawake wa enzi zile walikuwa na desturi hiyo. Maisha unampa mume, mifupa unairudisha kwenu. Mumewe, mzee Thady, alilichukua neno hilo kama kofi. Alimzika alivyotaka, na hakukanyaga tena kaburini.

Malachy wakati huo alikuwa Uingereza anachimba mitaro ya nyaya. Alikuwa amegombana na baba yake, amehama chumba bila kuacha anwani, na telegramu ya msiba ilikaa nyuma ya saa ya mama mwenye nyumba hadi alipopita pale tena Agosti. Alipofika nyumbani mama yake alikuwa na miezi mitano ardhini. Akamuuliza mzee kaburi liko wapi. Mzee akamjibu awaulize wakina Geraghty, naye alijua fika kwamba Geraghty wa mwisho ameshapanda meli kwenda Boston.

Basi akaja kwetu kuomba ufunguo. Mimi nilikuwa bi harusi wa miaka ishirini na sita, yeye ana ishirini na minne. Hakuniuliza kaburi. Mtu utauliza vipi kaburi la mama yako mwenyewe kwa mke wa jirani? Aliona haya, na mimi niliona kwamba anaona haya, nikampa ufunguo nikamfuata kwa mbali hadi getini.

Kulikuwa na chupa ya jemu yenye maua. Niliiweka mimi mwenyewe kwenye kaburi la Nonie, chini ya ukuta wa kusini, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuiweka. Lakini wiki ile mkata majani alikuwa ameiondoa isimkwaze, akaituliza juu ya bamba la jiwe katikati ya kanisa, hatua ishirini kutoka pale. Bamba pana, limelika, halionyeshi jina. Malachy aliona maua, akaona jiwe, akapiga magoti. Alilia kwa sauti, kilio cha mtu mzima ambacho hutaki kukisikia mara mbili. Nikajiambia nitamwambia akishatulia. Alipotoka alinishika mkono akasema, "Asante kwa maua." Ningesema nini baada ya hapo?

Hakurudi tena Uingereza. Alikaa na baba yake nyumba moja, hawasemezani, miaka saba, hadi mzee alipokufa akazikwa mjini na wa kwao. Na kila Jumapili ya Makaburi, ukoo mmoja mmoja ukiwa umesimama kwenye kaburi lake na padri akipita na maji ya baraka, Malachy alisimama peke yake katikati ya kanisa, kwenye jiwe la wakina Cormican. Sisi tulijua ni la wakina Cormican kwa sababu wazee wetu walituambia. Ukoo wenyewe uliisha zamani. Watu walimtazama, kisha wakatazama viatu vyao. Mwaka wa kwanza tulinyamaza kwa kuwa ana msiba. Wa pili tulinyamaza kwa kuwa tulinyamaza wa kwanza. Ilipofika wa kumi, kumwambia ingekuwa sawa na kumpiga. Padri mpya akiletwa parokiani tulimwonya mapema: yule ni Malachy, mnyunyizie maji pale pale aliposimama na usiulize.

Mimi nilijipoza kwa njia yangu. Akishaondoka, nilikwenda ukuta wa kusini nikamsomea Nonie Salamu Maria tatu. Nilidhani inatosha.

Halafu mwaka elfu mbili na tisa ikaja barua ya halmashauri ya kaunti. Kuanzia Juni hakuna atakayezikwa ndani ya magofu isipokuwa mwenye kaburi lililoandikishwa. Wanataka fomu, wanataka picha ya kaburi, picha ya jina kama lipo, na picha ya mandhari yake. Daktari alikuwa ameshamwambia Malachy kwamba moyo wake umechoka. Alikuja mlangoni na barua mkononi. "Sikufika kumzika, Delia," alisema. "Angalau nifike kulala naye."

Sikulala siku mbili. Akipeleka picha ya jiwe la wakina Cormican, mtu ofisini atatafuta jina, ataona halihusiani, na fomu itarudi wakati mlango umeshafungwa. Malachy atapelekwa mjini akalale kando ya mzee Thady, mtu ambaye walinyimana hata salamu ya asubuhi, mpaka siku ya kiama. Waliomzika Nonie wote wamekufa. Mwenye kujua kwa macho yake nimebaki mimi. Hapo sasa hata mjinga angeona kwamba ni lazima niseme.

Alikuja Jumanne katikati ya Mei, saa tatu asubuhi, amebeba kamera yake ya filamu, stendi ya miguu mitatu, na kioo kikubwa cha kujitazamia alichokibandua kwenye kabati la nguo. Akaniomba, kwa mara ya kwanza maishani, niende naye. Alisema maandishi yaliyolika hayasomeki jua likiwa juu yake. Unayatilia kivuli, halafu mtu wa pili anasimama pembeni na kioo anarusha mwanga wa jua uje umelala, ndipo herufi zinapoinuka. Anahitaji mtu wa pili. Nikavaa koti. Nikajiapiza kwamba tukifika kwenye jiwe lile atakuwa ameshasikia kila kitu kutoka kinywani mwangu.

Alianza na mlango wa magharibi. Akafunga stendi, akainama, akainuka, akasogea nusu hatua, akapiga. Kisha akapiga tena ule uso mdogo uliochongwa kwenye pembe ya tao, wenye mashavu yaliyovimba. Nikamwambia huyo anafanana na marehemu mjomba wangu akiumwa jino. Akasema mjomba wangu alikuwa mbaya zaidi. Nilicheka, nikaona huu ndio wakati, nikafungua mdomo, na yeye akaubeba mzigo wake akaingia ndani.

Tukaenda kwenye mnara. Kunguru wadogo walitoka juu kwa kelele, vijiti vya viota vyao vimejaa chini hadi magotini. Alipiga ngazi ya mawe inayoishia hewani. Alipiga tundu la kamba ya kengele. Tukatoka kwenye ua wa watawa, ule wenye nguzo pande tatu, upande wa nne ulibebwa na wakulima wakajengee mazizi. Akapiga nguzo moja moja. Akanionyesha alama ndogo ya fundi, mshale na nukta, ambayo mimi nimepita hapo miaka yote sijaiona. Alizungumza siku ile kuliko nilivyomsikia akizungumza maisha yake yote. Alinieleza watawa walikuwa wanane tu mwishoni, na kwamba waliporudi kwa siri baada ya kuchomewa waliishi kwenye chumba kimoja chini ya mnara, hawana hata meza. Nikamuuliza walikuwa wakifanya nini usiku kucha. Akasema walikuwa wakinyamaza, ilikuwa kanuni yao.

Lililonishangaza ni filamu. Mjini wanajua Malachy alivyo bahili wa filamu. Mkanda mmoja wa picha thelathini na sita anautumia kuanzia Pasaka hadi Krismasi. Gofu moja, picha moja, mbili akilewa. Na sasa anapiga jiko la watawa, anapiga beseni la kunawia mikono ya padri, anapiga hata mfereji wa choo chao. Nilimwambia halmashauri haijaomba picha ya choo. Akasema waliokitumia walikuwa watu watakatifu. Nikahesabu kimoyomoyo: ishirini na sita, ishirini na saba. Nilimwonea huruma. Nilidhani ni mtu anayeaga.

Jua lilikuwa limeshatoka tangu saa nne. Nilipomkumbusha kwamba ni jua la kioo alilolitaka, alisema bado halijakaa vizuri.

Saa saba tukaketi kwenye ngazi ya altare, au palipokuwa altare. Akatoa chai na mkate, akanimenyea yai moja, akaniwekea chumvi kutoka kwenye kikaratasi. Tumekuwa majirani tangu nilipoolewa na hatukuwahi kula pamoja. Nilikula yai lile lote. Alikuwa akitazama mbele, kwenye nyasi za kanisa, na jiwe la wakina Cormican liko pale pale mbele yetu, lote tunaliona.

"Una neno, Delia?" akaniuliza.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, bila kunitazama. Hakuna mtu duniani aliyewahi kufunguliwa mlango mpana kuliko ule. Na mimi, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, niliyezika mume na kulea watoto watano, ambaye watu wa hapa wanasema ulimi wangu hauna breki, nikamjibu kwamba naona mvua inakuja.

Akatikisa kichwa. Akafunga chupa ya chai kwa makini, akajikung'uta makombo. "Basi twende," alisema.

Alinipa kioo akanisimamisha karibu na dirisha la mashariki. Yeye akafungua mwavuli mkubwa mweusi akautegesha juu ya bamba lipate kivuli. Akanielekeza: juu kidogo, kushoto, punguza, hapo hapo usitikisike. Kioo kilikuwa kizito na mwanga ukacheza juu ya ukuta, kisha ukashuka, ukapita juu ya jiwe ukiwa umelala kabisa. Jiwe lililokuwa tupu machoni mwangu miaka yote likajaa maandishi. Msalaba juu, na chini yake mistari sita. Niliyaona kutoka niliposimama. Ombea roho ya Bartley Cormican, na mkewe Honor, na watoto wao, mwaka elfu moja mia saba themanini na saba.

Malachy hakushtuka. Alipiga picha. Akavuta mkanda, akapiga nyingine. Halafu akapiga goti moja, pole pole kwa ajili ya moyo wake, akaweka kidole juu ya herufi ya kwanza ya jina.

"Hii C niliigusa mwaka wa sita," alisema. "Nilikuwa nang'oa majani. Niliigusa, nikaelewa, nikaondoa mkono. Wa kwetu hawakuwa na pesa ya jiwe namna hii."

Nilishusha kioo. Nikamwita kwa jina lake, mara mbili.

"Asubuhi nzima nimekungoja," alisema. "Nimepiga mpaka choo."

Nikaanza kujitetea. Nilimwambia yote kwa mkupuo, chupa ya jemu, mkata majani, ile siku aliyonishukuru kwa maua. Kwamba tulimwonea huruma, kwamba kila mwaka ulifanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi, kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kumcheka. Hilo ni kweli, na nililisema mara tatu. Aliniacha nimalize. Alikuwa bado amepiga goti, mkono juu ya jiwe.

"Mimi sikuuliza kwa sababu nilikuwa nangoja," akasema. "Nilijiambia, siku mmoja wao atakaponishika bega na kuniambia Malachy si hapo, siku hiyo nitajua mimi ni wa hapa. Kila Julai nilikuwa nangoja. Naona padri anakuja, ananinyunyizia, anapita. Nawaona nyote mnatazama chini. Nikasema sawa, bado mimi ni mgeni. Mara tisini nimekuja mlangoni kwako, Delia."

Nilikaa kwenye nyasi. Nilikuwa nimebeba siri ile nikidhani ni mzigo wangu mimi, nimeubeba kwa niaba yake, na hata nikajisifu kidogo moyoni kwa upole wangu. Kumbe miaka yote yeye alikuwa nje ya mlango na sisi sote tumeshikilia komeo kwa ndani. Nililia, na hakunizuia wala hakunibembeleza, na ilikuwa haki yake.

Nilipomaliza akasema, "Nipeleke."

Tukaenda ukuta wa kusini. Ni kona yenye majani yanayowasha, na jiwe dogo la shambani la kimo cha mkate, halina hata mkwaruzo. Mbele yake palikuwa pamekanyagika kidogo, ni magoti yangu. Aliona hapo palipokanyagika na akajua, maana alinitazama mara moja kisha akayaondoa macho. Nikarudi nyuma nimpe nafasi na mama yake. Alivua kofia. Alisimama muda, jua likiwa usoni mwake, mdomo wake ukafunguka, ukafungwa. Kule kwa wakina Cormican nimemwona akiongea hata saa nzima. Ng'ombe akizaa alikuwa anakuja kuelezea; alipoacha sigara alikuja kuelezea.

Aligeuka akaniita. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia kwenye shamba lake mwenyewe.

"Sina la kumwambia," alisema. "Yote nimeshayasema kule."

Nilitaka kumwambia kwamba Nonie alisikia, ni hatua ishirini tu. Sikusema. Kwa mara moja siku ile kunyamaza kulifaa, au ndivyo ninavyojidanganya. Alivaa kofia, akafunga stendi mbele ya lile jiwe dogo, akapiga picha ya thelathini na tano, akarudi nyuma akapiga ya thelathini na sita ukuta ukionekana wote. Mkanda ukajirudisha ndani ya kamera kwa mlio.

Akatoa fomu kutoka koti la ndani, imekunjwa mara nne. Alikuwa ameijaza nyumbani, jina lake, jina la mama yake kama Geraghty, mwaka wa kifo. Hakuacha wazi ila sehemu ya chini. Kaburi lisilo na jina, fomu ilisema, lithibitishwe na mkazi wa parokia aliyehudhuria mazishi: jina lake, sahihi yake, na ni miaka mingapi amelijua mahali lilipo. Alikuwa ameshaandika kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo, pale pa jina la shahidi: Delia Mannion. Aliandika hivyo kabla hajatoka kwake asubuhi.

Akanipa kalamu ya wino. Sikuwa na meza, nikatumia kioo, nikakilaza magotini na karatasi juu yake. Nikaandika jina langu juu ya lile la risasi. Nikatia sahihi. Nikafika kwenye kisanduku cha miaka, na kalamu ikasimama. Malachy alikuwa amesimama juu yangu, kivuli chake kimefunika karatasi, anapumua kwa tabu kidogo. Nilisubiri labda aseme neno la kunisaidia, kama tulivyozoea sisi huku, tukimsaidia mtu apite bila kutaja kitu. Hakusema. Nikaandika arobaini na tano, kwa tarakimu. Mwandiko ulitoka ovyo.

Aliinama akasoma. Alisoma kuanzia juu hadi chini, bila haraka.

"Hiyo tano iandike vizuri," alisema. "Isije ikasomeka tatu."

Nikaipitia tena juu yake, pole pole, mpaka ikasomeka.